Teketeke au laini? Gumzo la kikundi cha "Wajukuu wa Ujiji"

Zawadi: Shikamooni wakubwa. Bibi, ule muhogo nilioloweka Jumanne umeshalainika. Niumenye leo nianike?

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Laini au teketeke?

Zawadi: Kwani si kitu kimoja bibi 😂

Baba Shabani: Hapo umelikoroga mwenyewe.

Bibi: Ni mimi Hawa, naandika anavyosema bibi, miwani yake haioni. Anasema: laini ni nguo ya hariri, laini ni unga uliochekechwa. Unapapasa kwa juu tu unajua. Teketeke ni mpaka ndani. Chukua muhogo mnene kuliko yote, ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Kidole kikizama na ganda likiachia bila kisu, huo teketeke. Ukikuta kiini kinagoma, rudisha kwenye pipa.

Juma Dar: Huku nyama ikiiva tunasema laini tu, maisha yanaenda

Bibi: Nyama inayotafunika ni laini. Ile inayoachia mfupa yenyewe ndiyo teketeke. Wewe tangu lini ukapika?

Mama Shabani: 🤣🤣🤣

Mjomba Kasimu: Halafu angalieni, yote mawili hayabadiliki. Muhogo laini, mihogo laini, muhogo teketeke, mihogo teketeke. Juzi nimesikia kijana stendi anasema "viatu vilaini", nikanyamaza tu. Ila mtu usimwite teketeke mbele ya watu. Mtu laini anaweza kuwa mpole, mtu teketeke umeshamwambia hana nguvu.

Baba Shabani: Kama mabeki wa timu yako mjomba

Mjomba Kasimu: Tubaki kwenye muhogo.

Neema: Na tepetepe je?

Bibi: Tepetepe imekunywa maji mpaka imezidiwa. Kama njia ya Katubuka masika. Muhogo ukifika huko umechelewa, unakatikia mkononi na nusu yake inabaki kwenye pipa.

Shangazi Asha: Zawadi, mimi naongea kama nesi sasa. Muhogo wa shamba la bibi ni ule mchungu, una sumu ya sayanidi. Unavyochachuka ndani ya maji ndivyo unavyolainika, na sumu ndiyo inapopungua. Kuukata na kuuanika juani bila kuloweka hakutoshi kabisa, hata ukauke ukalia kama kigae. Kwa hiyo bibi akiuliza teketeke, anauliza kama ni salama. Na hayo maji ya pipa yamwagwe mbali, mbuzi wasiyanywe.

Zawadi: Mh. Ngoja nikabonyeze.

Juma Dar: Kumbe tulikuwa tunaponea kwenye kidole gumba cha bibi

Mama Shabani: Mwaka gani umewahi kuumwa tumbo kwa ugali wa hapa? Kaa kimya.

Zawadi: Nimerudi. Vyembamba vya juu kidole kimezama chote, ganda limebaki mkononi. Ule mnene wa chini umeingia kidogo tu, halafu kuna kama kigumu katikati.

Bibi: Huo bado. Wakati wa joto siku tatu zinatosha, lakini hii Juni usiku baridi, na pipa umeliweka kivulini. Toa vyembamba umenye leo, vinene viache mpaka kesho, uvibonyeze tena kimoja kimoja. Usichanganye.

Zawadi: Sawa bibi. Nikishamenya nianike kwenye mkeka au juu ya bati?

Bibi: Mkeka. Na ule ujiti wa katikati uutoe kabla hujaanika, mwaka jana mlinisagia nao nikala ugali wa nyuzi.

Mama Shabani: Hiyo ilikuwa zamu ya Neema

Neema: 🙈

Juma Dar: Makopa yangu ya muhogo mkavu msisahau, nayasubiri kwa treni. Na dagaa wakavu

Baba Shabani: Nauli ya mzigo tuma kwanza.