Dume mweupe, majike wa kijivu, na vifaranga wasio weupe hata mmoja

Mfugaji wa Igombe anauliza:

Ndugu wafugaji, salaam. Ninafuga bata bukini huku Igombe, kando ya ziwa, na ninaomba msaada wa mtu anayeelewa namna rangi ya manyoya inavyorithiwa. Nina dume mmoja mweupe pe, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa usio na nundu, niliyemnunua kwa mfugaji wa Magu, pamoja na majike watatu wa kijivu ambao nao hawana nundu. Wateja wangu, hasa wenye bustani kule mjini, wanapenda bata weupe, ndiyo maana nilitafuta dume wa rangi hiyo nikitarajia kwamba angalau nusu ya vifaranga wangemfuata baba yao. Vifaranga wote wa msimu huu wamekuwa wa kijivu kilichofifia, baadhi wakiwa na manyoya meupe machache mabawani, lakini mweupe kamili hakuna.

Majirani wana maelezo yao. Wapo wanaosema majike wangu wamepandwa na bata wa mwituni wanaoshinda ufukweni, na wapo wanaolaumu chakula, kwa kuwa ninawachanganyia pumba na vumbi la dagaa. Je, dume huyu ana kasoro? Na nikitaka vifaranga weupe bila kuwauza majike nilio nao, nifanye nini?

Mwalimu wa Baiolojia, Sengerema, anajibu:

Ndugu yangu wa Igombe, dume wako hana kasoro yoyote, na majike wako hawajatoka nje ya ndoa. Bata wa Misri, ambao ndio wengi wetu tunawaona wakitembea ufukweni, ni wa kundi jingine kabisa, wakati bata bukini wa kufugwa wametokana na aina mbili za mwituni: yule wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye hana nundu, na yule wa Asia ya Mashariki, ambaye ndiye chanzo cha bata wa Kichina wenye nundu juu ya mdomo. Kwa maelezo yako, wako wote wana asili ya Ulaya, na kijivu ndiyo rangi ya asili ya ukoo huo. Kuhusu dagaa, chakula kinaweza kubadilisha rangi ya kiini cha yai, lakini kijivu cha manyoya ni rangi iitwayo melanini, ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwa amri ya vinasaba.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Weupe wa bata wa aina ya Embden, ambao nadhani ndio ukoo wa dume wako, hauletwi na kinasaba kimoja bali viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza hufifisha rangi, kama chai ya rangi inavyofifia ukiitia maziwa, nacho kimo kwenye kromosomu (uzi unaobeba vinasaba ndani ya seli) ya jinsia iitwayo Z. Cha pili ni cha mabaka: kikiwa peke yake, bila kile cha kufifisha, humpa bata mwili mweupe wenye kichwa, mgongo na mapaja ya rangi, kama bata wa Pomerania walivyo. Hiki cha mabaka ni kinasaba fiche, maana yake ni kwamba hakijitokezi sawasawa mpaka kifaranga akirithi nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Majike wako hawana nakala hiyo. Kwa hiyo kila kifaranga wako amepata kififisho kutoka kwa baba, ndiyo sababu kijivu chao kimepauka, lakini amepata nakala moja tu ya mabaka, nayo ikaishia kuonekana katika manyoya machache ya mabawa.

Kumbuka pia kwamba kwa ndege mambo yamegeuka yakilinganishwa na binadamu: dume ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, ZZ, na jike ana ZW. Jike hupata Z yake moja kwa baba tu. Laiti ungekuwa umefanya kinyume, yaani dume wa kijivu kwa majike weupe, binti wasingepata kififisho hata kidogo na wangetoka kijivu kilichokolea, ilhali ndugu zao wa kiume wangekuwa wamepauka. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wamelitumia jambo hili kwa muda mrefu kutambua jinsia ya vifaranga siku ile ile wanapoanguliwa, bila kuwasumbua kwa kuwakagua sehemu ya haja. Bata wa Pilgrim, waliotambuliwa rasmi Marekani mwaka 1939, wanajulikana kwa hilo: madume ni weupe au karibu na weupe, majike ni wa kijivu.

Ushauri wangu ni huu. Wachague binti bora wa msimu huu, uwapandishe kwa dume mwingine mweupe wa ukoo huo huo ambaye hana undugu nao. Kwa wastani nusu ya watoto watakuwa weupe kamili. Ukiwaacha kaka na dada wa sasa wazaliane wenyewe, weupe kamili watakuwa kama mmoja katika kila wanane, na utakuwa umeingiza matatizo ya kuzalisha ndugu kwa ndugu juu yake. Uvumilivu unahitajika, kwa sababu bata bukini hutaga na kuzalisha vizuri akiwa na umri wa karibu miaka miwili, si kama kuku.

Mama wa Kayenze anajibu:

Shikamoo Mwalimu. Mimi yangu ni ya ajabu zaidi. Dume wangu ni mweupe asiye na nundu, jike ni mweupe mwenye nundu, na vifaranga wao wakatoka na kijivu. Aliyeniuzia jike nilimwambia amenidanganya, naye akaapa kwamba kwao wote ni weupe toka mababu. Nani mkweli?

Mwalimu wa Baiolojia, Sengerema:

Marahaba, mama. Muuzaji wako alisema kweli. Weupe wa bata wa Kichina unatokana na kinasaba kingine kabisa, kilicho fiche, ambacho huzuia rangi isitokee. Dume wako ana kibali cha kutengeneza rangi ila ameifuta kwa njia yake, na jike wako ana manyoya ambayo yangekuwa na rangi kama asingekuwa na kizuizi. Watoto wao wamepata kibali kutoka kwa baba na nakala za kutosha za rangi kutoka kwa mama. Ukitaka weupe, usichanganye koo hizi mbili.

Bukini wa Ukerewe anajibu:

Mwalimu ameeleza vizuri, nami naongeza jambo moja ambalo huwaponza wengi wakati wa kuchagua. Ndugu wa Igombe akifuata ushauri ule, watoto wa kiume wa uzao wa pili watakuwa na nakala mbili za kififisho, kwa hiyo hata wale wasio weupe kamili wataonekana weupe ukiwatazama kwa mbali. Mshike dume, mpanue bawa, kisha ufunue manyoya ya kiunoni juu ya mkia. Ukikuta vivuli vya kijivu hapo, huyo bado amebeba kijivu, na atakurudisha nyuma kupitia binti zake. Kwa majike hakuna shida hiyo, kwani wa kijivu huonekana waziwazi.

Lakini usifanye ukaguzi huo mapema. Vifaranga wa ukoo mweupe huanguliwa wakiwa na kijivu mgongoni, majike wakizidi madume, na manyoya ya kijivu huweza kubaki katika vazi la kwanza mpaka wapukutishe na kuota ya kiutu uzima. Nimeona watu wakichinja mbegu nzuri kwa haraka hiyo. Na wale wanaoshinda kwenye matope ya ufukweni uwaogeshe kwanza, maana ile rangi ya kutu inayong'ang'ania kichwani na shingoni ni ya udongo, haihusiani na urithi.

Mfugaji wa Igombe:

Nawashukuru sana wote. Nitawavisha binti pete za miguuni ili nisiwachanganye. Dume mweupe asiye na undugu na wangu nitampata wapi?

Bukini wa Ukerewe:

Mimi ninao wawili wa umri unaofaa. Waone kwanza mama zao na ndugu zao kabla hatujazungumza bei, na hao wa kwangu nao uwafunue kiunoni.