Fundi yule ameniharibia lori, kisha akaniambia kosa ni umri wangu

MwenyeBedford (Chake Chake)

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naandika mikono ikinitetemeka, kwa sababu jambo hili limetokea leo baada ya sala ya alasiri na hadi sasa hata chai haijanipita kooni. Jina la fundi sitalitaja, kwani hakuna mwenye gari hapa Chake Chake asiyemjua: ni yule wa chini ya muembe, ambaye ukimpelekea gari kwa taa ya nyuma hukurudishia haina honi, na ambaye mkebe wake wa nati "zilizobaki" umejaa kiasi cha kutosha kuundia meli ya kwenda Unguja.

Mbele ya barza nzima, na mjukuu wangu akisikia, mtu huyo ameniambia: "Mzee, gari haina kosa. Kosa ni umri wako."

Lori lenyewe ni Bedford aina ya TJ, lile la pua mbele ambalo Waingereza walianza kulitengeneza mwaka 1958. Marehemu baba yangu alilibebea karafuu na abiria, likiwa na bodi la mbao na mabenchi yake. Goti langu la kushoto halikubali tena klachi, kwa hiyo nilinunua injini ya dizeli ya Toyota HiAce, ile 3L ya cc 2,779, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki na sterini nzima, kwa kuwa kwenye HiAce hizo za zamani mkono wa gia umekaa ubavuni mwa usukani. Nilitaka hivyo kwa makusudi, ili sakafu ibaki wazi, watu watatu wakae mbele kama alivyokuwa akiwapakia baba, na pasitobolewe tundu hata moja jipya.

Sasa sikilizeni alichokifanya. Mkono wa gia wa kwenye usukani huipata giaboksi kwa fito: chini ya sterini pana mkono mdogo, ubavuni mwa giaboksi pana mwingine, na fito ndiyo inayoviunganisha. Ndani ya giaboksi mna bati lenye mapengo, na kila pengo ni gia yake, yaani P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya gia huru, D ya kwenda mbele, na 2 na L za mwendo mdogo. Katika HiAce dereva ameikalia injini, lakini katika Bedford injini iko mbele yake, kwa hiyo fito ile haiwezi kufika kama ilivyo. Ni lazima ipimwe upya, na mikono yote miwili ilingane mwendo wake, la sivyo utasoma gia moja kwenye usukani na giaboksi imeshika nyingine. Yeye aliikata fito, akaiunga kwa kuchomelea bila kupima, na kwenye maungio panapotakiwa bushi, yaani kile kipete cha kuzuia vyuma visichezeane, akatia kipande cha kandambili. Nimekishika kwa mkono wangu huu. Ni cha buluu, kimekatwa kwa kisu butu, na bado kina alama ya kisigino cha mtu.

Waya wa handibreki aliufungua ili kuipisha fito hiyo. Nilipomuuliza ataurudisha lini, alinijibu kwa kinywa chake kwamba P inatosha.

Leo nimelisimamisha lori kwenye mteremko wa mtaani kwetu. Nimelitia P, nimezima injini, nimeteremka, nimefunga mlango. Sijafika hatua ya nne nikasikia mbao za bodi zinalia. Kandambili imebonyea, mshale unaonyesha P, na ndani ya giaboksi kile kidole cha kuifunga gari isitembee hakijaingia kwenye jino lake. Lori limerudi nyuma polepole, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini, likapanda majamvi mawili ya jirani yangu yaliyoanikwa karafuu, na halikusimama mpaka lilipoegemea mnazi. Harufu ya karafuu zilizosagwa ilifika msikitini.

Fundi akaitwa, akaja, akainama, akakiona kipande cha kandambili, akainuka, akapangusa mikono, akasema: "Mzee, gari haina kosa. Kosa ni umri wako. Umesahau handibreki."

Handibreki aliyoifungua yeye!

BintiWawi

Shikamoo baba, na pole sana. Huyo tunamjua vizuri. Kaka yangu alimpelekea Vespa inayotia moshi kidogo, akarudishiwa inayotia moshi kama tanuri la chokaa, na alipolalamika akaambiwa kwamba upepo wa siku hiyo ulikuwa mbaya. Mtu akishaharibu, tusi lake analo tayari mfukoni.

Nahodha_Kojani

Mzee wetu, shikamoo, lakini mimi nitasema kweli. Lori la baba yako lilikuwa zima, nawe ukaliondolea injini yake ukalitia ya gari ya abiria. Huko ni kumvua ng'ombe kwato na kumvisha viatu. Tena mtu mzima unakubalije kuliendesha lori lisilo na handibreki katika kisiwa chenye vilima kila unapogeuka? Hapo fundi ana lake na wewe una lako.

MwenyeBedford

Marahaba. Injini ya asili ilikuwa imepasuka bloku kabla wewe hujazaliwa, na mguu unaouma ni wangu, si wako. Lori halibebi tena shehena. Linateremsha karafuu za shamba letu mara chache kwa msimu. Na nakuuliza, wewe ungeambiwa maneno yale mbele ya mjukuu wako ungenyamaza? "Kosa ni umri wako." Mimi nilikuwa nikiendesha lori hilo kabla yeye hajajua kutofautisha spana na kijiko.

FundiMstaafu_Mkoani

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na aibu hii inatugusa sote. Fito haipimwi kwa macho. Kwanza unaiweka giaboksi N kwa mkono, kule kule chini ya gari, kisha unauweka mkono wa usukani N, ndipo unairefusha au kuifupisha fito mpaka iingie kwenye tundu lake bila kusukumwa. Baada ya hapo unapitia gia moja moja, na katika kila moja ni lazima usikie giaboksi ikishika kabla ya mkono kugota. Gari inajaribiwa P kwenye mteremko fundi akiwa pale pale, magurudumu yametiwa vigingi. Mzee, nakuomba utazame jambo moja zaidi: je, stata inazunguka hata mkono ukiwa kwenye D?

MwenyeBedford

Inazunguka katika gia zote. Swichi aliiunganisha moja kwa moja, akasema inasumbua.

FundiMstaafu_Mkoani

Basi usiliwashe tena. Swichi hiyo kazi yake ni kuizuia stata isizunguke ila kwenye P au N. Siku mtoto akichezea ufunguo, lori litaondoka naye.

Dereva_Michenzani

Afadhali lako limerudi nyuma. Langu haliendi mbele wala nyuma. Fundi wa huku Unguja alinifungia giaboksi kama hiyo akausahau ule waya unaotoka kwenye pampu ya mafuta kuja kwenye giaboksi. Waya huo ukilegea, presha ya oili inakuwa ndogo na klachi za ndani zinateleza mpaka zinaungua. Nilikwenda siku tatu tu, na nilipoichomoa deepu, kile kijiti cha kupimia, oili ilikuwa nyeusi na inanuka kama mandazi yaliyosahauliwa kwenye karai. Pesa hakunirudishia.

Muuza_Makonyo

Mimi fundi wangu hakuunganisha hata mipira ya kupoza oili ya giaboksi. Ile inayokwenda kwenye rejeta aliikunja akaifunga kwa waya, akaniambia kwamba nchi yetu haina joto la kuhitaji hiyo. Nchi yetu, Zanzibar!

MwenyeBedford

Ndugu zangu, poleni, lakini narudia: handibreki aliifungua yeye, kandambili aliitia yeye, kisha akasema kosa ni umri wangu. Bi mkubwa jirani yangu bado anaziokota karafuu zake kwenye mchanga kwa taa.

Nahodha_Kojani

Dereva wa Michenzani, oili uliyotia ilikuwa ya aina gani? Wengi wanatia oili ya injini kisha wanamlaumu fundi.

Dereva_Michenzani

Nilitia ile nyekundu yenyewe ya giaboksi za otomatiki, tena mpya. Usinitafutie kosa nisilokuwa nalo.

Muuza_Makonyo

Nyekundu nazo zinatofautiana. Ya kwangu niliuziwa kwenye chupa ya maji, na ilikuwa nyepesi kama juisi ya ukwaju.

Dereva_Michenzani

Yangu ilikuwa ndani ya dumu la lita nne lenye muhuri. Huko Pemba dumu kama hilo linauzwa bei gani sasa?