Nani ameitazama filamu ya Mustang (2015)?

Binti wa Nansio: Wadau, jana nimeimaliza. Mabinti watano, kijiji cha Uturuki kando ya Bahari Nyeusi. Madirisha yanatiwa nondo, wanafundishwa kupika na kungoja posa. Imenichoma. Huku Ukerewe nondo hakuna, ila panda kivuko peke yako uone: hujashuka Mwanza, mama keshapigiwa simu. Mlimwonaje Lale?

Dada Kirumba: Mdogo kuliko wote, na ndiye anayejifunza gari kwa siri! Nilipiga makofi sebuleni.

Msukuma wa Sengerema: Mimi aliyenigusa ni bibi yao. Anawapenda, lakini anaogopa maneno ya watu.

Binti wa Nansio: Bibi huyo namjua, kaka. Naomba chuo, wangu anauliza nani atageuza dagaa juani. Dada, chumba Nyegezi, hapo Mwanza, shilingi ngapi siku hizi?