Naomba ushauri: siku za kwanza na mtoto tunayemuasili Bulgaria

Ndugu zangu, heshima kwenu. Mimi na mume wangu, Watanzania tunaoishi Marekani, tuko Bulgaria kuonana na mtoto wa mwaka mmoja na nusu tunayetarajia kumuasili. Sheria ya hapa inatutaka tukae naye angalau siku 5, kisha turudi nyumbani kusubiri uamuzi wa mahakama ya Sofia ndipo tuje kumchukua. Kila nikimpokea hulia na kung'ang'ania aproni ya mlezi wake, ingawa jana alikubali nimlishe mtindi, huku akinikazia macho muda wote. Je, nimwache anizoee taratibu akiwa mikononi mwa mlezi, au nimbebe hata akilia? Na tukiondoka, tumwachie kitu gani kitakachomsaidia asitusahau?