Embakasi ya zamani: tuliigawa au tuliipasua?

Mwenyeji wa Umoja (mwanzisha mada)

Walioanza kupiga kura juzi hawajui kwamba kabla ya 2013 kulikuwa na Embakasi moja tu hapa Nairobi. Dandora, Kayole, Umoja, Mukuru kwa Njenga, mpaka Ruai kule mwisho wa jiji, kote huko mbunge alikuwa mmoja. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 925,775. Katiba ya 2010 ilipotaka maeneobunge 290 badala ya 210, wastani ukawa kama watu 133,000 kwa kila kiti. Piga hesabu mwenyewe: Embakasi ilikuwa na watu wa kujaza karibu viti saba. Machi 2012 IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ikatoa ramani, na Embakasi ikawa Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi.

Mimi nasema tulipata viti, tukapoteza sauti. Mtaniambia kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa, lakini vidole hivi vitano kila kimoja kiko kwenye mkono wake. Chukua jaa la Dandora. Moshi wake unavuka mpaka bila kuuliza ni wadi ya nani, ila kwenye ramani jaa liko Embakasi Kaskazini, kwa hivyo huku kwingine linaonekana mzigo wa jirani. Mtu mmoja akisimama Bungeni kwa niaba ya karibu watu milioni, atasikika. Nipingeni.

Pipeline Gorofa ya Sita

Nakupinga kwa jaa lako hilohilo. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Embakasi ilikuwa moja, na hiyo sauti nzito unayoisifia ilikuwepo. Lilihamishwa?

Na kuna jambo umeliruka, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Desemba 2007 tulimchagua Mugabe Were. Tarehe 29 Januari 2008 akapigwa risasi nje ya nyumba yake, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi. Uchaguzi mdogo ulifanyika Juni 11, Ferdinand Waititu akachukua kiti. Hesabu miezi hapo katikati: zaidi ya minne. Machi Bunge lilipitisha sheria ya mwafaka wa Kibaki na Raila wa kugawana madaraka, na mitaa yetu ilikuwa miongoni mwa iliyoumia, lakini kiti chetu kilikuwa kitupu. Ukiweka watu wote hao nyuma ya mtu mmoja, risasi moja inawanyamazisha wote.

Mwenyeji wa Umoja

Hilo la 2008 sikulifikiria hivyo. Nakubali linauma, na linapunguza nguvu za hoja yangu.

Ruai Mashambani

Kabla hamjaendelea, rekebisheni ramani. Mnasema Embakasi iligawanywa mara tano kana kwamba ni mkate. Sisi wa Ruai na Njiru tulikatwa tukapelekwa Kasarani. Kariobangi Kaskazini nayo ikatolewa Kasarani ikaungwa na Dandora kuwa Embakasi Kaskazini. Kwa hivyo ukijumlisha hizo tano leo hupati Embakasi ya zamani. Kuna mtoto katoka na mgeni kaingia. Na haya majina ya dira! Mwulize mtu wa Dandora anaishi wapi, akikujibu "Embakasi Kaskazini" nitakununulia chai.

Pipeline Gorofa ya Sita

Majina ni ya karatasi tu, tuzungumze pesa. CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ilipoanza 2003, robo tatu ya fungu iligawanywa sawasawa kwa maeneobunge yote 210, na robo iliyobaki ikafuata kigezo cha umaskini. Maana yake Embakasi yenye mji mzima ndani yake ilipata robo tatu hiyo sawa na Lamu Mashariki kule pwani, ambako sensa ya 2009 haikufikisha watu 20,000. Basari ya mtoto wa Mukuru ilikuwa inagombaniwa na watu mara arobaini na zaidi. Kugawanywa ndiyo njia pekee iliyotupa mafungu matano badala ya moja. Hayo ya sauti ni ushairi.

Mwanakisiwa

Nimetajwa, nami niingie. Ndugu yangu wa gorofani, wewe mbunge wako akitaka kukuona anapanda matatu. Wa kwetu kutoka Faza kwenda Kiunga anangoja maji yajae na bahari itulie, na akitaka kwenda Basuba akutane na Waboni msituni, hiyo ni safari nyingine. Katiba yenyewe inaruhusu kiti kitofautiane na wastani kwa asilimia 40 katika miji na penye watu wachache. Mbona mnataka kuhesabu vichwa tu?

Mwenyeji wa Umoja

Shekhe, asilimia 40 chini ya 133,000 ni kama 80,000. Lamu Mashariki haikukaribia hapo. Kilichowaokoa ni kifungu cha mpito kwamba mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneobunge lililokuwepo. Ulinzi huo ulikuwa wa mara ya kwanza tu. Mapitio ya pili yalipaswa kukamilika kufikia Machi 2024, yakakwama kwa sababu tume haikuwa na makamishna, nao wapya wakaapishwa Julai 2025. Siwaombei mfutwe. Nasema msitukasirikie sisi, ugomvi unakuja mlangoni kwenu wenyewe.

Mwanakisiwa

Basi ukija nitakukumbusha kwamba wewe ndiye uliyeanzisha mada ukililia sauti ya mtu mmoja. Sisi tunaye huyo mmoja, na sasa unatuhesabia vichwa.

Mwenyeji wa Umoja

Umenipata hapo. Ila acheni niongeze kitu kimoja kinachonichekesha kila uchaguzi ukija: David Mwenje alikuwa mbunge wa Embakasi nzima hadi 2007. Mwaka 2022 mwanawe, Mark, akashinda Embakasi Magharibi. Baba alikuwa na shamba lote, mwana kapata kipande chenye Umoja, Mowlem na Kariobangi Kusini, na mshahara ni wa mbunge vilevile.

Pipeline Gorofa ya Sita

Kipande hicho angalau anaweza kukizunguka kwa miguu Jumamosi moja. Baba hata angetaka, asingeweza.