Kolajeni, glisini, maziwa au makongoro: kipi kinamfaa mkimbiaji anayekurupuka usiku?

Mwendapole (Arusha)

Wanajukwaa, salaam. Nina umri wa miaka 46, ninajiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, na kwa wiki ninakimbia siku tano. Kupata usingizi hakunisumbui, kwani ikifika saa nne na nusu usiku nimeshalala fofofo. Tabu huanza saa nane: ninakurupuka, ninageuka ubavu, ninalala, kisha ninakurupuka tena saa tisa na nusu, na kukikucha miguu ni mizito kana kwamba mazoezi ya jana hayajaisha. Mwenzangu wa mazoezi ananihimiza ninunue unga wa kolajeni ninywe kabla ya kulala. Bei yake si ya mzaha, kwa hiyo ninaomba mnilinganishie njia nne ambazo nimezisikia: kolajeni yenyewe, glisini tupu, protini ya maziwa, na supu ya makongoro ambayo mama mkwe wangu anaapa kwayo.

Mfamasia_Pwani (Mombasa)

Ndugu Mwendapole, umefanya vyema kueleza kwamba shida yako ni kukatika kwa usingizi wala si kuupata, kwa sababu katika jambo hili tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, mifupa, gegedu na kano. Katika mnyororo wake, kila asidi amino (tofali dogo linalojenga protini) ya tatu ni glisini, na inapohusishwa na usingizi, glisini ndiyo hasa inayozungumziwa. Tena si bahati kwamba viwili hivi vinatajwa pamoja, kwani mwaka 1820 Mfaransa Henri Braconnot aliipata glisini kwa mara ya kwanza kwa kuchemsha jelatini katika asidi, akaiita sukari ya jelatini kutokana na utamu wake. Hata leo ukiilamba utadhani ni sukari.

Huko Japani, watafiti waliwapa watu wasioridhika na usingizi wao gramu 3 za glisini kabla ya kulala. Katika utafiti wa mwaka 2007 uliotumia mashine za kusoma mawimbi ya ubongo, watu hao walipata usingizi mapema zaidi na kufikia usingizi mzito haraka zaidi, na mchana wake hawakusinzia kama kawaida yao. Kazi iliyofanywa baadaye kwa panya, iliyochapishwa mwaka 2015, ilionyesha njia inayopitiwa: glisini hugusa sehemu ya ubongo inayoendesha saa ya mwili, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka, joto la ndani ya mwili hushuka, na kushuka huko ndiko kunakoukaribisha usingizi. Ninawajibika kuongeza kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watafiti wa Ajinomoto, kampuni ambayo yenyewe huuza glisini, na kwamba makundi yaliyopimwa yalikuwa madogo.

Kuhusu kolajeni yenyewe, utafiti unaokugusa moja kwa moja ulifanywa kwa wanaume 13 wanaofanya mazoezi na wanaolalamikia usingizi wao. Kila mmoja alikunywa gramu 15 za kolajeni iliyomeng'enywa, saa moja kabla ya kulala, kwa siku 7, na katika kipindi kingine akanywa unga wa kulinganishia usio na kolajeni. Mashine zilihesabu kukatika kwa usingizi takriban mara 21 kwa usiku walipotumia kolajeni, dhidi ya takriban mara 29 walipotumia unga ule mwingine. Usishtuke kwa wingi huo, maana mashine huhesabu hata miamko ambayo mwenyewe hukumbuki. Lakini hawakulala muda mrefu zaidi, wala hawakupata usingizi upesi zaidi. Kwa maneno mengine, glisini tupu ilisaidia kwenye mlango wa usingizi, na kolajeni ilisaidia katikati ya usiku, yaani pale pale panapokuuma wewe. Ningefurahi kusema jambo limekwisha, ila watu 13 kwa siku 7 ni msingi mwembamba mno wa kujengea nyumba.

Kocha_Bondeni (Iten)

Ninamshukuru mfamasia. Mimi nitazungumzia maungo, kwa sababu wakimbiaji wangu huchanganya mambo matatu katika neno moja la kupona: usingizi, misuli na kano.

Kwa misuli, kolajeni ni protini dhaifu. Haina triptofani kabisa, na ina uchache wa lusini, asidi amino inayouamsha mwili ujenge misuli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha wanawake wazee waliokunywa protini ya maziwa na waliokunywa kolajeni, na protini ya maziwa iliishinda kolajeni waziwazi katika kujenga misuli. Mwaka 2012 watafiti wa Maastricht nchini Uholanzi waliwapa vijana waliotoka kunyanyua vyuma jioni gramu 40 za kasini kabla ya kulala, na ujenzi wa misuli usiku ukapanda kwa takriban asilimia 22 kuliko kwa wenzao ambao hawakupewa. Kasini ni ile protini inayogandisha maziwa yakawa mtindi. Huganda tumboni pia na kumeng'enywa polepole hadi alfajiri. Asiyeweza kununua kopo lake na anywe maziwa au mursik (maziwa yetu ya mgando) baada ya chakula cha jioni, ingawa kuzifikisha gramu 40 kwa njia hiyo kungemlazimu kunywa zaidi ya lita moja, na hapo choo ndicho kitakachomwamsha.

Kwa kano, saa ya kunywa ni nyingine kabisa. Utafiti wa mwaka 2017 uliwapa wanaume 8 gramu 15 za jelatini pamoja na vitamini C, na baada ya saa moja wakaruka kamba kwa dakika 6; alama ya utengenezaji wa kolajeni katika damu yao iliongezeka maradufu. Kano haina damu nyingi, hivyo hufyonza kinachoifikia wakati inapokazwa na kuachiwa, si wakati mwenyewe amelala chali. Mwenye kisigino kinachouma aliyeambiwa anywe kolajeni usiku ameelekezwa dukani sahihi kwa saa isiyo sahihi.

Jambo la mwisho ni kwa wale wanaoshindana. Kolajeni na glisini hazimo katika orodha ya vitu vinavyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, lakini kopo linaweza kuchafuliwa kiwandani na dawa za kututumua misuli, na mwanariadha ndiye anayebeba lawama. Nunueni tu bidhaa ambayo kila toleo lake limepimwa na maabara huru, na nambari ya toleo muitunze.

Mama_Jikoni (Moshi)

Wapendwa, makongoro mnayataja kana kwamba ni kichekesho, ilhali ndiyo kolajeni ya asili tuliyoizoea. Miguu ya ng'ombe ikichemka kwa moto mdogo saa nne au tano, kolajeni ya ngozi na kano huvunjika ikawa jelatini. Ndiyo sababu supu ikipoa huganda ikatikisika kama maandazi mabichi. Isiyoganda, maji yake yamezidi.

Hata hivyo nitasema ukweli ambao mama mkwe wa Mwendapole hataupenda. Bakuli moja haliwezi kukuambia lina gramu ngapi, kwani leo mpishi ameweka miguu miwili na kesho mmoja. Pili, supu hii kwetu ni ya asubuhi, na chapati na ndimu. Ukiila saa tatu usiku na mafuta yake na chumvi yake, utaamka kwa kiu kabla kolajeni haijakusaidia kulala.

Mkimbiaji_Muscat

Assalamu alaykum. Ninaongeza suala la asili ya unga wenyewe. Kolajeni hutoka kwenye ngozi ya ng'ombe, ngozi ya nguruwe, au ngozi na magamba ya samaki, na makopo mengine huandika neno kolajeni tu bila kumtaja mnyama. Kwetu tuishio Ghuba alama ya halali hutafutwa kwanza, lakini nimeona nyumbani Unguja watu wakiagiza mtandaoni bila kuuliza. Je, glisini tupu nayo ina mashaka hayo hayo?

Mfamasia_Pwani (Mombasa)

Wa alaykumu salaam, kaka. Glisini inayouzwa kwa wingi hutengenezwa viwandani kwa njia za kikemia bila mnyama, kwa hiyo mara nyingi mashaka hayo hayapo. Kinachobaki kuchunguzwa ni ganda la kidonge, ambalo mara nyingi ni jelatini. Unga unakuepusha na hilo. Wenye mzio wa samaki nao wasome lebo kwa makini.

Tufanye hesabu sasa, kwa kuwa bei ilitajwa. Kwa uzito, glisini ni takriban sehemu moja ya tano ya kolajeni, au zaidi ya hapo kidogo. Gramu 15 za kolajeni kwa hiyo zina glisini ya gramu 3 na ushei, kiasi kile kile cha Wajapani. Lakini vile vipakiti vya urembo vyenye gramu 5 hutoa glisini ya gramu 1 tu, na mwenye kununua vidonge vya miligramu 500 atalazimika kumeza 30 kila usiku. Ukitaka glisini peke yake, kopo la glisini litakugharimu kidogo kuliko kolajeni. Ukitaka kurudia kile kilichopimwa kwa wale wanaume 13, ni kolajeni, gramu 15, si pungufu.

Mtu ameniuliza kwa faragha iwapo kukosekana kwa triptofani kunaweza kuuharibu usingizi, kwa kuwa triptofani ndiyo malighafi ya serotonini na melatonini, kemikali za mwilini zinazohusika na usingizi. Swali ni zuri. Watafiti wamewahi kutumia kinywaji cha jelatini kwa makusudi ili kuishusha triptofani katika damu ya waliojitolea, ila kwa kiasi kikubwa sana kuliko vijiko viwili vya usiku. Mtu aliyekula wali na maharage jioni hana sababu ya kuogopa.

Wenye kuogopa kwa haki ni wengine. Asidi amino nyingine ya kolajeni, haidroksiprolini, hugeuzwa mwilini kuwa oksaleti, na oksaleti ndiyo inayounda aina ya mawe ya figo iliyo ya kawaida zaidi. Aliyewahi kupata mawe hayo, au mwenye ugonjwa wa figo uliomlazimu kupunguza protini, asianze bila daktari wake. Na wewe Mwendapole, muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma na kukata pumzi; kama ndivyo, hakuna unga utakaokusaidia, nenda hospitali. Vilevile, unakunywa chai saa ngapi?

Mwendapole (Arusha)

Chai ya rangi, vikombe viwili, saa kumi na mbili jioni baada ya mazoezi. Mke wangu anasema sikoromi.

Mfamasia_Pwani (Mombasa)

Kafeini hupungua kwa nusu baada ya saa tano hivi, kwa hiyo saa tano usiku nusu ya chai yako bado imo mwilini. Anza na hiyo kwa wiki mbili, bila kununua chochote. Kisha, ukitaka, jaribu kolajeni kwa wiki mbili. Usivianze vyote siku moja, maana hutajua kilichokusaidia.

Mwendapole (Arusha)

Nimerudi baada ya mwezi, kama nilivyoahidi. Nilikuwa nikiandika kila asubuhi idadi ya mara ninazokumbuka kuamka. Kabla ya kubadili lolote zilikuwa mara tatu kwa usiku. Bila chai ya jioni zikawa mbili, na mara nyingine moja. Wiki mbili za kolajeni ya ng'ombe, gramu 15, zilinipa moja karibu kila usiku, na usiku mmoja sikuamka kabisa. Miguu asubuhi sioni tofauti kati ya vipindi viwili hivyo. Kopo limebaki robo. Nikilimaliza nitakaa wiki mbili bila kitu nione kama mara ya pili itarejea, na iwapo haitarejea, mwenzangu wa mazoezi atajinunulia lake.

Kocha_Bondeni (Iten)

Wiki hizo mbili zisiangukie kwenye mbio zako ndefu za mwisho kabla ya mashindano. Zianze sasa.