Kwa nini pwani ya mashariki ya Greenland ina watu wachache kuliko ya magharibi?

Msomaji wa Ramani aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Kila ninapoitazama ramani ya Greenland ninakutana na jambo ambalo sijalipatia maelezo ya kuniridhisha. Nuuk, mji mkuu ulioko pwani ya magharibi, upo latitudo ya 64 kaskazini na una wakazi karibu 20,000. Tasiilaq, mji mkubwa kuliko yote ya pwani ya mashariki, haujafika latitudo ya 66, lakini wakazi wake ni kama 2,000 tu. Ukishavipita vijiji vichache vya jirani na kuelekea kaskazini, ni takriban kilomita 800 hadi Ittoqqortoormiit, penye watu wapatao 350, na mbele yake ramani haionyeshi mji mwingine. Ikiwa baridi ndiyo sababu, mbona pwani mbili za kisiwa kimoja zimetofautiana kiasi hiki? Na hao 350 walifikaje huko?

Mfuatilia Mikondo alijibu:

Ndugu, umefanya vyema kuitilia shaka hoja ya baridi, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu imo baharini. Barafu iliyoganda katika Bahari ya Aktiki hutoka kwa wingi kupitia Mlango wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, kisha Mkondo wa Greenland Mashariki huisukuma kuelekea kusini ikiwa imeibana pwani yote. Vipande vingine vimedumu zaidi ya mwaka mmoja na kufikia unene wa mita kadhaa, hivyo meli ya kawaida haithubutu kupita kati yake. Upande wa magharibi, maji yenye uvuguvugu kutoka Atlantiki huizunguka rasi ya kusini na kupanda kandokando ya pwani, ndiyo maana bandari za kuanzia Paamiut hadi Sisimiut huingiwa na meli mwaka mzima. Penye meli za mwaka mzima pakajengwa viwanda vya samaki, hospitali na ofisi za serikali.

Tukumbuke pia kwamba bamba la barafu hufunika takriban asilimia 80 ya Greenland, na hakuna barabara inayounganisha mji mmoja na mwingine. Bahari ikifungwa, njia imefungwa. Hans Egede alianza makazi ya kimisionari upande wa magharibi mwaka 1721, lakini Gustav Holm, afisa wa jeshi la majini la Denmark, alifika Ammassalik, eneo la Tasiilaq ya leo, mwaka 1884. Hata yeye alifaulu kwa kutumia mashua za ngozi za Wainuit, wenyeji wa Greenland, mashua ambazo hupenya katika maji membamba kati ya barafu na ufuko. Aliwakuta huko watu 413, na kituo cha biashara kilifunguliwa mwaka 1894.

Mpenda Historia alijibu:

Ninakubaliana na maelezo ya mikondo, ila hayatoshi kuieleza Ittoqqortoormiit, kwa sababu makazi hayo yalitokana na uamuzi wa makusudi. Mwaka 1921 Denmark ilitangaza mamlaka yake juu ya Greenland yote, na Norwei, ambayo wawindaji wake walikuwa wakizitumia pwani za mashariki, haikuridhia. Ejnar Mikkelsen, mvumbuzi wa Kidenmark, alijenga nyumba za kwanza mwaka 1924 kwenye mdomo wa hori kubwa la Scoresby Sund, na mwaka uliofuata wakaletwa kwa meli watu wapatao 80, wengi wao kutoka Ammassalik, ambako mawindo yalikuwa hayawatoshi tena wakazi. Hivyo shida ya chakula na haja ya kuithibitisha bendera zilikwenda pamoja, nami naona si haki kuisimulia moja na kuiacha nyingine. Norwei iliitwaa sehemu ya pwani iliyo kaskazini zaidi mwaka 1931, lakini Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa iliipa Denmark ushindi mwaka 1933.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa busara. Kwenye mdomo wa hori hilo, upepo na mikondo huacha maji wazi hata katika majira ya baridi, na maji hayo huwavuta sili, dubu weupe na mamilioni ya ndege wa bahari. Wainuit wa kale walilijua hilo, kwani magofu ya nyumba zao yamo humo humo.

Msomaji wa Ramani aliandika:

Nawashukuru sana. Je, kaskazini ya hapo hapakuwahi kuwa na watu?

Mkaazi wa Baridi alijibu:

Walikuwapo. Mwaka 1823 nahodha Mwingereza Douglas Clavering alikutana na Wainuit 12 katika kisiwa ambacho leo kina jina lake, na baada ya hapo hakuna msafiri aliyeripoti kuwaona wenyeji wa sehemu hizo wakiwa hai. Leo ni Hifadhi ya Taifa ya Kaskazini-Mashariki mwa Greenland, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1988 hadi kilomita za mraba 972,000, kubwa kuliko hifadhi yoyote ya taifa duniani. Wanaokaa humo ni watumishi wa vituo vya hali ya hewa na utafiti, pamoja na askari wa doria ya Sirius wanaosafiri kwa sleji za mbwa. Wawindaji wenye leseni wa Ittoqqortoormiit nao wana haki ya kuwinda humo.

Kuhusu wakazi wa leo, ningependa tusiwatazame kama watu waliosahauliwa na wakati. Wanafika na kuondoka kwa ndege inayotua Nerlerit Inaat, uwanja uliojengwa mwaka 1985 kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, kisha huvuka kwa helikopta hadi mjini, ilhali shehena kubwa husubiri meli chache za kiangazi. Dubu weupe huwindwa kwa mgawo uliowekwa na serikali tangu mwaka 2006. Linalonisikitisha ni kwamba lugha yao, Tunumiisut, haina nafasi rasmi shuleni, ambako hutumika Kalaallisut ya magharibi, na tangu mwaka 2009 wilaya yao inaongozwa kutoka Nuuk, ng'ambo ya pili ya bamba la barafu.